Kisu Kilichokwenda Ndalambo

Mimi nachoma nyama Vwawa, nyuma ya soko, na kama kuna watu wanaonimalizia subira ni wale wazee wangu wanne wa Jumamosi. Si kwamba ni wagomvi. Wagomvi ningewaweza. Hawa ni wapenda visu, na mpenda visu ukimpa nafasi atakueleza habari za makali mpaka mkaa uzime.

Wanakuja saa saba mchana, wakishamaliza shughuli zao za sokoni. Kabla sijaleta nyama, kila mmoja anatia mkono mfukoni au kiunoni, anatoa kisu chake, anakilaza mezani. Shadrack, dereva wa malori mstaafu, ana kisu cha kukunja alichonunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, chenye mkasi, bisibisi, kifungua chupa, na vingine ambavyo hata yeye hajui kazi yake. Efraimu ni mzee wa kanisa, na kisu chake kilifuliwa kwa springi ya lori; ni kirefu, anakivaa kiunoni kwenye ala ya ngozi, na akipiga magoti kusali kinamchoma ubavu. Boazi fundi viatu ana kile kifupi cha kukatia soli, kinanuka gundi. Wa nne ni Ezron, na huyu ndiye ninayetaka kusimulia habari zake.

Lakini kwanza sheria yao. Atakayekuja bila kisu hajikatii nyama. Anakaa mikono mapajani, mwenzake anamkatia kipande na kumtia mdomoni, kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana. Ilimpata Boazi mara moja, mwaka juzi. Alilishwa na Efraimu mbele ya soko zima, kipande kwa kipande, na Efraimu kila mara anasema "haaa, fungua." Tangu siku hiyo Boazi analala na kisu chini ya mto. Mkewe amekuja kunilaumu mimi, kana kwamba sheria niliitunga mimi.

Ezron ni mkulima wa kahawa wa Isansa, mwembamba, mpole, ana goti moja linaloumwa na hasemi sana. Kisu chake kilikuwa cha marehemu baba yake, aliyekwenda kuchimba shaba Kitwe akiwa kijana na akarudi na vitu viwili: kikohozi na hicho kisu. Ni cha kukunja; mpini wake ni wa pembe, ulipasuka zamani, ukafungwa kwa waya wa shaba. Bapa limenolewa miaka na miaka mpaka limebaki jembamba kama jani la mwanzi. Ezron alikitumia kwa kila kitu. Alikatia machipukizi ya kahawa, alitolea miiba, alimenyea chungwa ganda likatoka zima bila kukatika, kisha akalining'iniza hewani tulione. Na kila akikinoa alikijaribu kwa kunyolea mkono wake wa kushoto. Ule mkono hauna kinyweleo hata kimoja. Ukimsalimia kwa mkono wa kulia ni mzee wa miaka sitini, ukiutazama wa kushoto ni mtoto mchanga.

Marehemu baba yake alikuwa amemwachia neno moja juu ya kisu hicho: siku binti wa nyumba hii akija kuposwa, baba wa binti ndiye atakayewakatia wageni nyama ya kwanza, na atawakatia kwa hiki. Yeye marehemu alikuwa amewakatia wakwe wa mabinti zake watatu. Ezron naye Mungu alimpa wavulana wanne mfululizo, akangoja, kisha akampata Ikupa. Tangu Ikupa yuko darasa la saba, sisi hapa tulikuwa tunaambiwa, "Siku ya Ikupa, kisu hiki kitasema." Tukachoka kuambiwa. Mwaka huu siku ikapangwa. Na wiki tatu kabla ya siku yenyewe, Ezron akakipoteza kisu.

Hapana, nimekosea. Hakukipoteza. Alijua kabisa kiko wapi, na hapo ndipo palipouma.

Mkewe, Nesta, ni mtu wa Ndalambo, na kwa ukoo wao mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawasalimiani, hawatazamani, hawatajani majina. Akisikia mama anakuja kwa njia hii, mkwe anachepuka kwenye majani. Hali hiyo haiishi mpaka mkwe atoe zawadi ya kufungua mdomo: kitu cha kudumu, kiwekwe juu ya chakula, kipelekwe kwa mikono ya mkewe. Zamani lilikuwa jembe. Siku hizi watu hupeleka blanketi au sufuria. Mama akiipokea, anapiga kigelegele, na kuanzia hapo mkwe ni mtoto wa nyumbani, ataketi, atakula, atazungumza.

Wanaume wengi hutoa zawadi hiyo mwaka wa kwanza au wa pili. Ezron ana miaka thelathini na moja kwenye ndoa na alikuwa hajatoa. Si mchoyo, namjua. Mwaka wa kwanza kahawa iliungua na baridi. Mwaka wa pili akazaliwa mtoto. Mwaka wa tano akaanza kuona aibu kwamba amechelewa, na aibu ya kuchelewa ikamchelewesha zaidi, mpaka ikafika mahali akawa anaona afadhali kuruka uzio kuliko kununua blanketi. Alisharuka nyua nyingi huyo. Lile goti mnalomwonea huruma aliliumiza kwa kumkimbia mama mkwe.

Sasa ikawa kuna kipaimara cha mtoto wa Jastin, shemeji yake, huko Ndalambo. Ezron kwa kuwa ana sifa ya kisu akapewa mbuzi mzima akate. Akakata vizuri, akapanga minofu kwenye sahani kubwa ya mama mkwe, na alipokuwa anaipamba kwa kipande cha ini, akasikia kikohozi nyuma yake, mlangoni mwa jiko. Alikuwa mama mkwe mwenyewe, Mama Nesta, anatoka nje kuangalia mboga.

Ezron hakufikiri. Miaka thelathini na moja ya mazoezi ilimbeba. Alikiacha kila kitu pale pale, akaruka gogo, akajibanza nyuma ya kihenge cha mahindi, anahema. Nesta akaja, akaiona sahani imejaa, akaifunika kitambaa bila kuchungulia, akampelekea mama yake.

Mama Nesta akafunua. Nyama. Na juu ya nyama, kisu.

Kule nyuma ya kihenge Ezron akasikia kigelegele kirefu, cha kupanda na kushuka. Akatabasamu. Akasema moyoni, wanamshangilia mtoto wa kipaimara.

Walipofika kituo cha Mpemba kwenye basi la kurudi, akanunua chungwa dirishani, akatia mkono mfukoni. Akatia mfuko wa pili. Akasimama. Nesta anasema alidhani mumewe kaumwa na siafu. Kabla hajajibiwa, simu ikaita, ni Jastin anapiga kelele kwa furaha.

"Shemeji! Umetupa heshima, shemeji! Mama analia tangu mchana. Anasema kumbe mwanangu wa Isansa ananipenda, kanipa kisu cha baba yake mzazi!"

Ezron akamtazama Nesta. Nesta akamtazama Ezron. Chungwa likaenda Isansa na ganda lake.

Jumamosi iliyofuata alifika kwangu, akakaa, akaweka mikono mapajani. Wenzake walidhani ni mzaha. Alipowaeleza, kila mmoja akakivuta kisu chake karibu.

"Mwombe akurudishie," Boazi akasema.

"Nimwombe nani? Huyo nisiyeweza kusema naye?"

"Sasa si unaweza? Si umeshafungua mdomo?"

"Kwa hiyo nimefunguliwa mdomo ili neno la kwanza niseme, nipe kisu changu?"

Efraimu akatikisa kichwa, akasema hilo hata kwenye Biblia halimo. Wakamgeukia Nesta, ambaye alikuwa amekuja naye kununua chumvi sokoni. Nesta aliweka chumvi chini.

"Mimi? Mimi nimwendee mama yangu, amengoja miaka thelathini na moja, nimwambie lete hicho kisu, ilikuwa bahati mbaya? Ezron, ukitaka nikufungie mizigo yako uende kwenu, sema tu."

"Kwetu si ndiko huko huko Isansa?"

"Basi nitakufungia uhamie chumba cha pili."

Shadrack ndiye aliyekuja na mpango. Kichwa chake ni kama kisu chake, vitu vingi ndani na hakuna kinachokata. Alisema Ezron anunue kisu kipya kizuri, ampelekee mama kupitia Jastin, amwambie kile cha kwanza kilikuwa cha kutanguliza tu, hiki ndicho chenyewe. Mama akipenda kipya, cha zamani kitarudi. Akaenda Nakonde mwenyewe, akamwambia Mzambia muuza visu ampe kile kinachong'aa kuliko vyote. Akarudi na kitu chekundu chenye zana kumi na nne na taa.

Wiki ya pili majibu yakaja. Mama Nesta amekipokea, ameshukuru sana, amesema mkwe wake sasa anazidi. Kile chekundu amempa Jastin afungulie soda. Kile cha zamani amekifunga kwenye pindo la kitenge chake, na hakiweki chini hata anapolala.

Nilimcheka Ezron siku hiyo, na nakiri haikuwa vizuri. Kwa sababu baada ya kucheka niliangalia mkono wake wa kushoto, nikaona vinyweleo vimeanza kuota.  Nilimkatia ini mwenyewe nikampa, na Efraimu alipotaka kumlisha nilimwambia akae chini.

Siku ya Ikupa nilichukuliwa mimi kuchoma mbuzi, kwa hiyo haya mengine sikuhadithiwa. Niliyaona.

Wageni walifika saa nne, upande wa mvulana, watu kumi na wawili wenye suti na vumbi. Mbuzi alikuwa tayari mezani uani. Wazee wangu watatu walikuwa wamekaa mstari wa mbele, kila mmoja na kisu chake, kila mmoja anaomba Ezron achague cha kwake. Ezron alikuwa amevaa koti la marehemu baba yake, lenye mabega makubwa mno, na alikuwa anapapasa mfuko kila dakika kama mtu anayetafuta jino lililong'oka.

Akachukua cha Shadrack kwanza, kwa heshima ya safari za Nakonde. Akakandamiza pajani mwa mbuzi, kikajikunja chenyewe, kikafungua mkasi. Wageni wakakohoa. Akachukua cha Boazi, nyama ya kwanza ikatoka na harufu ya gundi, nikamwambia aitupe. Efraimu akachomoa cha springi, mama mmoja wa upande wa wageni akasogeza kiti nyuma. Ezron akakishika, akasimama tu. Alikuwa anakitazama kile kisu kikubwa, na nilijua anachokisikia. Anasikia mabinti watatu wa baba yake, na wakwe wote wale, na yeye binti wake mmoja anakatiwa nyama kwa springi ya lori.

Ndipo gari ndogo ikasimama njiani, na Mama Nesta akashuka. Hakuna aliyemtegemea. Mwili wa kizee, mgongo umepinda, miaka themanini na mbili, ametoka Ndalambo alfajiri na Jastin amembebea mkoba. Akaingia uani moja kwa moja.

Ezron alimwona, akaangusha kisu, akakimbia. Nasema kweli, mbele ya wageni, akiwa na koti la marehemu, alikimbilia migombani. Nesta alijifunika uso kwa mikono miwili.

"Ezron!"

Alikuwa mama mkwe. Hajawahi kulitamka jina lile, na Ezron hajawahi kulisikia likitoka kinywani mwa mama huyo. Ezron alisimama katikati ya migomba miwili, mgongo kwetu.

"Unakwenda wapi, mwanangu, na mimi nimekuja kwako?"

Akageuka. Akarudi polepole, anachechemea, macho chini. Alipofika mbele ya mama mkwe, mama akaanza kufungua pindo la kitenge. Lile fundo lilikuwa limekazwa, akalifungua kwa kucha na kwa meno. Kile kisu kikatoka na waya wake wa shaba. Nilimwona Ezron akinyoosha viganja vyote viwili, kama anapokea sakramenti.

Mama Nesta akamtazama viganja, akafurahi sana, akaviweka juu ya mguu wa mbuzi.

"Vizuri. Shika hapo, usiachie. Kisu chako kinakata, lakini mbuzi wenu anateleza."

Akaanza kukata yeye. Ezron ameshika mguu, mama anakata, wageni wanaangalia. Na alikijua kukitumia, hilo lazima niseme. Bapa lile jembamba lilipita kwenye viungo kama halijagusa kitu. Wazee wangu watatu walisogea karibu kwa wivu. Kipande cha kwanza akampa baba wa mvulana. Cha pili akampa mama wa mvulana. Cha tatu akakigeuza kwenye ncha, akamnyooshea Ezron mdomoni.

Hapo nilimwona Ezron akifikiri. Angeweza kusema. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Angeweza kusema kwa upole, mama, kile kisu, unajua, baba yangu alisema hivi na hivi, na kila mtu pale angemwelewa, na mama mwenyewe angemrudishia saa ile ile. 

Ezron akapokea nyama, akatafuna, akameza.

"Mayo," akasema. Ndivyo wanavyomwita mama kule Ndalambo. Miaka thelathini na moja, na hilo ndilo neno la kwanza. "Mayo, angalia kidole. Kina makali."

Kisha akalia, akasema ni moshi. Moto nilikuwa nao mimi, hatua ishirini, na moshi ulikuwa unaelekea upande wa pili, kwa mchungaji aliyealikwa.

Siku hizi Ezron bado anakuja kila Jumamosi. Wenzake wanalaza visu vitatu mezani, yeye anaweka mikono mapajani. Hataki kununua kingine. Efraimu anamlisha, "haaa, fungua," watu wa soko wanapita wanacheka, na mgeni akiuliza kulikoni, Ezron anajibu na kinywa kimejaa, bila haya yoyote, "Changu kiko kwa mama." Kila mwezi anakwenda Ndalambo kukinoa. Anarudi na mkono wa kushoto laini kama zamani.

Kuna jambo sijamwambia. Siku ile ya Ikupa, wageni walipokuwa wanakula, Mama Nesta alikuja motoni kwangu, akakaa kwenye gogo, akatoa kile kisu akaanza kukifuta kwa pindo.

"Binti," akaniambia, "unadhani sikujua kwamba alikisahau?"

 Nikageuza figo ambazo zilikuwa zimeshaiva.

"Zawadi huoshwa," akasema. "Hiki kilinijia na mafuta ya mbuzi mpaka kwenye kiungo cha kukunjia. Na mimi nilimsikia akiruka lile gogo."

"Sasa bibi, mbona ulipiga kigelegele?"

"Nina miaka themanini na mbili. Ningengoja akumbuke blanketi, angelileta wanizikie. Mimi nilitaka nisikie sauti yake ikoje."

"Na umeisikia. Ikoje?"

Akafikiri kidogo.

"Nyembamba," akasema. "Nilidhani itakuwa nene."

Akakikunja kisu, akakifunga kwenye kitenge mafundo mawili, akaniomba chumvi.